Inashika

Ililia kwanza. Kabla hatujamwona mtu yeyote tulisikia diski ya baiskeli ikipiga yowe uchochoroni, mlio mwembamba uliopanda ukuta, ukaingia dirishani na kuikata katikati sentensi ya mwenyekiti wetu. Wenzangu walicheka, mmoja akauliza nani anachinja mbuzi siku ya kazi. Mimi sikucheka. Breki ya diski ni kitu rahisi: sahani nyembamba ya chuma inazunguka pamoja na gurudumu, na vipande viwili vigumu vinaibana ukivuta mkono wa breki. Sahani hiyo haitaki mafuta. Ukiipaka mafuta itanyamaza kwa muda, halafu italia kwa namna yake ya pekee, kilio cha kitu kilichozibwa mdomo, na katika Kariakoo nzima nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akinyamazisha breki kwa mafuta ya cherehani. Nilikuwa sijamwona tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na nilitumaini, bila aibu, kwamba nisingemwona tena.

Tulikuwa ghorofani, kwenye chumba tunachoazimwa na mwenye duka la vitenge lililo chini, miswada yetu tumeipakata kama watoto wenye homa. Sisi waandishi tunapenda kukutana Kariakoo. Tunasema hapa ndipo lugha inapozaliwa, kisha tunaomba feni iongezwe kasi kwa sababu lugha inatoa jasho. Mada ya alasiri ile ilikuwa utata. Mwenyekiti, mtu mwenye sauti nzuri na mikono ambayo haijawahi kufungua nati, alikuwa akitueleza kwamba neno lenye maana mbili ni utajiri, na kwamba mshairi wa kweli hamuulizi msomaji amechukua maana ipi. Alikuwa amemwalika fundi wa mtaani, bingwa wa maneno, aje atuonjeshe utata wa karakana. Mlango ukafunguliwa, akaingia Injinia Kibwana, ndevu zimekuwa nyeupe, kalamu tatu zimechomekwa mfukoni mwa shati kama zamani. Wenzangu walisimama kumpokea. Alinipita, akarudi nyuma kidogo, akanikodolea macho, akasema, "Ah, binti wa kaunta. Kumbe na wewe ulisoma." Akaketi kabla sijamjibu, na mtu akamsogezea sambusa.

Nilipokuwa na miaka hiyo kumi na tisa nilikuwa nauza bolti. Duka lilikuwa la Ami Saidi, ambaye sote tulimwita Ami, hata wateja waliomzidi umri, na lilikuwa jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene wakikutana mmoja ilibidi atoke nje kwanza. Kila asubuhi Ami alifukiza ubani juu ya masanduku ya spoku na tairi, hivyo mpaka leo harufu ya ubani hunikumbusha mpira mpya badala ya ibada. Alikuwa mpole. Zamani nilidhani upole ule ni wema. Sasa naona ulikuwa uvivu uliovaa kanzu safi. Nyuma ya kaunta palikuwa na tundu ukutani, ukubwa wa sinia, la kupitishia vipuri, na ng'ambo ya tundu hilo ilikuwa karakana: banda la mabati lenye mlango wa chuma unaotokea uchochoroni, benchi refu la mbao, na baiskeli zinazoning'inia darini kama nyama buchani. Mimi nilikuwa nauona ulimwengu kupitia tundu lile. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mabishano kuhusu timu ya mpira ya Jangwani, nilisikia nani kaposa na nani kakataliwa, na zaidi ya yote nilimsikia Kibwana, kwa sababu Kibwana hakuwa na saa ya kunyamaza.

Cheo cha uinjinia alijipa mwenyewe. Sikumdharau kwa kukosa cheti. Mafundi wa mtaa wa Gerezani wanaochomelea mageti hawana vyeti, na mageti yao yatasimama baada ya sisi sote kufa. Nilimdharau kwa sababu sikuwahi kumsikia akiuliza swali. Mteja akianza kueleza tatizo, Kibwana alimalizia sentensi yake, na mara nyingi aliimalizia kwa tatizo jingine kabisa, ambalo ndilo alilolitengeneza. Baiskeli iliyokuja na cheni mbovu iliondoka na taa. Mchana mama lishe alipoleta wali, maharage na samaki wa soko la Feri kwenye sinia moja, yeye alichukua kichwa cha samaki kabla wengine hawajanawa, akisema kichwa ni cha mwenye kichwa, na wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, walicheka kila siku kama wanausikia utani huo kwa mara ya kwanza. Nikiwa kwenye tundu langu na bakuli langu la pembeni, nilikuwa nawatazama wakicheka na kujifunza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha shuleni: kwamba watu wanaweza kumpenda mtu kwa sababu tu anajaza ukimya.

Ndipo Sele akaja na fremu. Selemani alikuwa kijana wa Magomeni, mwembamba, mwenye adabu hadi kero, aliyekuwa akipeleka vifurushi vya watu kwa baiskeli. Fremu hiyo aliiokota kwenye kontena la baiskeli za mitumba, chini ya rundo la baiskeli za watoto. Ilikuwa fremu ya zamani ya kushukia milima: alumini, nyekundu iliyopauka, mabomba manene kama mapaja, shokapu moja kubwa katikati. Aliipitisha mlangoni begani kama mtu anayeingiza jeneza la ndugu, na karakana nzima ikasimama kuicheka. Baiskeli ya kushukia milima, katika mji ambao mteremko wake mkubwa ni ule wa kutoka Magomeni kwenda Jangwani, unaoshukwa na mikokoteni ya maji bila wasiwasi. Wakamuuliza atashukia wapi, ngazi za msikiti au za ghorofa la mahakama. Mmoja akamshauri asubiri mvua, ashuke na mafuriko. Sele alitabasamu, akasubiri wachoke, kisha akaeleza. Morogoro kulikuwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikiwashusha watalii milima ya Uluguru kwa baiskeli, na ilikuwa inatafuta kijana wa kuwaongoza. Mwenye kampuni alikuwa amemwambia aje na baiskeli yake, washuke pamoja kutoka juu hadi mjini, na kama ataipenda namna anavyoshuka, kazi ni yake. Kushuka alikuwa anajua. Alijifunzia Lushoto, kwa baiskeli mbovu kuliko zote. Alichokosa ni breki ya nyuma.

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji asiyependa vyuma. Fremu ya miaka ile ilitengenezwa kwa breki za mpira, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, na zilikuwa zikifungwa kwenye vijiti viwili vilivyochomelewa nyuma. Kijiti kimoja kilikuwa kimekatika. Uma wa mbele Sele aliupata kwingine, mpya zaidi, na ulikuwa na diski yake nzuri. Nyuma, basi, ilibidi nako ifungwe diski, na fremu haikuwa na sikio. Mafundi huita sikio kile kipande cha chuma kinachochomoza karibu na ekseli, chenye matundu mawili, ambacho kibanio cha breki, kile kinachobeba vile vipande viwili vya kubana diski, hufungwa juu yake. Bila sikio, kibanio hakina pa kukaa. Kibwana alikata sikio kutoka kwenye bamba la alumini, akalipiga tupa siku nzima huku akiimba, akaipeleka fremu Gerezani kuchomelewa, na ilirudi na mshono safi kama wa fundi cherehani wa harusi. Nasema haki: lile sikio lilidumu. Alipokuwa akipanga kibanio kikae katikati ya diski alipachika kipande cha kadi ya mchango wa harusi kila upande, akakaza bolti, akachomoa kadi, na nafasi iliyobaki ilikuwa sawasawa kama iliyopimwa kiwandani. Nilimtazama kupitia tundu na kwa mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu nyingine, kwamba mtu mwenye mikono mizuri namna ile alikuwa amepewa mdomo ule.

Kisha ikaja zamu ya mafuta. Breki hiyo ilikuwa ya mafuta, si ya waya. Ukivuta mkono wa breki, mafuta husukumwa ndani ya mrija na kuvibana vile vipande viwili. Sele alikuwa amesoma maandishi madogo kwenye kibanio, akamwambia Kibwana kwa sauti ya chini kwamba wametaja mafuta ya aina fulani, tofauti na yale ya pikipiki aliyoyashika. Kibwana hata hakuinama kusoma. Alisema mafuta ya breki ni mafuta ya breki, hakuna ya kilemba na ya baraghashia. Watu wakacheka. Akamimina.

Sele aliacha baiskeli palepale ikae, akarudi baada ya siku chache kuichukua. Ilikuwa saa ya kahawa, baada ya swala ya alasiri, na muuza kahawa alikuwa ameinama katikati ya karakana akigonganisha vikombe vyake, wanaume wamejipanga kwenye benchi, Ami naye amekuja kukaa nao. Kibwana alikuwa amewaelekea, mgongo kwa baiskeli, anasimulia jinsi alivyolitengeneza sikio. Sele akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa nguvu. Lilienda nusu mzunguko, likasimama. Akalizungusha tena. Likasimama tena, kama linakataa.

"Kaka," akasema, "inashika."

Kibwana hakugeuka. "Inashika, eeh?" akawaambia waliokaa. "Mmesikia wenyewe."

"Inashika sana, kaka."

"Sana ndo tunayoitaka. We ulitaka ishike kidogo kidogo, kama mchumba?"

Benchi zima likatikisika kwa vicheko. Kwa asiyejua: breki inayoshika ni breki nzuri, ndiyo sifa anayoingoja kila fundi. Na breki iliyokwama, inayoendelea kubana hata mkono ukiiachia, nayo husemwa kwamba inashika. Neno ni lilelile, na sauti ni ileile. Tofauti iko kwenye gurudumu, na gurudumu lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Nikaingiza kichwa kwenye tundu nikasema, "Injinia, gurudumu haliendi." Akanijibu bila kunitazama kwamba niuze bolti. Nikamwita Ami. Ami alinitikisia kichwa kama mtu anayefukuza nzi bila nia ya kumuua, akaomba kikombe cha pili. Na Sele, Sele mwenye adabu, ambaye kumsahihisha mkubwa wake mara mbili mbele ya wazee wanaokunywa kahawa lilikuwa jambo asiloweza kulifanya hata angewekewa kisu shingoni, alisema, "Sawa, kaka. Ahsante." Akaitoa baiskeli nje kwa kuisukuma, na niliona jinsi alivyolazimika kuisukuma, kwenye sakafu tambarare, kama anamvuta punda.

Nimewahi kulisimulia jambo hili kwa wenzangu wa fasihi, na wengi wameuliza kwa nini hakusema tu "imekwama". Huuliza kwa wepisi, watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya benchi. Alisema neno lililokuwepo kinywani mwa kila mtu karakanani. Alilisema akiwa ameshika ushahidi mkononi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja kugeuza shingo.

Siku Sele alipokwenda kujaribiwa juu kule Uluguru, mwanzo wa safari, breki ilimrudisha nyuma tu, na alidhani itazoea. Barabara ile inashuka kwa muda mrefu bila kupumzika. Breki iliyobana tangu juu ilipata moto, na moto ukaingia kwenye mafuta mpaka yakachemka. Mafuta yakichemka hayasukumi tena kitu. Kwenye kona moja yenye kokoto alivuta mkono wa breki ya nyuma ukaja wote hadi kwenye mpini, laini, kama anakamata kitambaa. Akavuta wa mbele. Gurudumu la mbele likasimama, yeye hakusimama. Aliruka juu ya usukani na kuangukia mkono wa kulia. Mwenye kampuni, aliyekuwa akimfuata, ndiye aliyemfunga mkono kwa kanga na kumpeleka hospitali, na ndiye aliyeifungua breki baadaye na kumwonyesha mipira midogo ya ndani iliyoharibiwa na mafuta yasiyo yake, imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Ndiyo maana ilikuwa ikibana. Alimhurumia sana. Kazi akampa kijana mwingine.

Sasa, ghorofani, mbele ya waandishi, Kibwana alikuwa akikisimulia kisa hichohicho. Alikuwa msimuliaji mzuri, simnyimi hilo. Alisimama, akaigiza sauti ya Sele, nyembamba na ya kuchekesha, akaigiza mwenyewe akinywa kahawa. Dogo kaniambia inashika. Nikamwambia safi. Kaniambia inashika sana. Nikamwambia safi sana. Kumbe mwenzangu analalamika. Akapiga goti kwa kiganja, na chumba kizima kikacheka, hata mshairi wetu ambaye hucheka mara moja kwa mwaka. Katika kisa chake Sele alianguka kwenye tope, akainuka, akajifuta. Mwenyekiti alikuwa akipangusa machozi. Huo, alisema, huo ndio utata hai, utata unaopumua, na akanigeukia, mimi mwandishi wa riwaya, akaniuliza naonaje, kisa kama hiki si hazina?

Nilisema kisa hakijaisha. Kibwana akaacha kutafuna. Nikawaeleza kilichobaki, na nilikieleza bila madoido, kwa sababu niliogopa kwamba nikikipamba watakipenda.

Sele alirudi karakanani baada ya kufunguliwa bandeji ngumu, mvua zilipokuwa zimekwisha na tope la Jangwani limegeuka vumbi linalopanda hadi kwetu. Alipita kwanza kwenye kaunta. Hakuja kugombana, aliniambia. Alikuwa amesikia kwamba kwenye ukuta wa karakana kuna baiskeli mbili za vijana wengine zimefungwa breki kama yake, kwa mafuta yaleyale, zinangoja wenyewe. Alitaka jambo moja tu: Kibwana aseme, mbele ya watu walewale, kwamba mafuta hayakuwa yenyewe. Akisema hivyo zile mbili zitamwagwa mafuta na kujazwa upya, naye ataridhika. Nikamwambia hatasema. Akanijibu, "Mtu mzima yule, Zuhura. Akiambiwa kwa heshima ataelewa."

Ilikuwa saa ya kahawa tena. Niliacha kaunta nikaenda kusimama kwenye tundu. Sele aliwapa wazee shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba, Ami akamsogezea nafasi kwenye benchi na kumuagizia kahawa. Akaeleza kila kitu, taratibu, hadi ile mipira iliyovimba. Hakutaja mkono wake. Alipomaliza, kwa muda mfupi, nakiri, nilidhani nimekosea kuhusu binadamu.

Kibwana akafuta vidole kwa kitambaa. "Si ulisema mwenyewe inashika?" akauliza. "Wazee hawa mashahidi. Nyie, hakusema?"

Wazee wakaangalia ndani ya vikombe vyao. Mmoja akasema, ni kweli, alisema. Ami akasema maneno ya watu wasiotaka maneno, kwamba yaliyopita yamepita na tumshukuru Mungu kwa uzima. Mimi nikasema kwa sauti, kupitia tundu, kwamba alisema akiwa amelizungusha gurudumu na halikwenda, na kwamba wote waliokaa pale wana macho. Hakuna aliyegeuka. Muuza kahawa, ambaye kazi yake ilikuwa kumpa kila mtu kikombe hata dunia ikianguka, akamnyooshea Sele chake. Sele alinyoosha mkono wa kulia. Vidole vilifika kwenye kikombe na kukataa kujikunja. Alijaribu tena, huku akitabasamu kuomba radhi, kisha akakipokea kwa kushoto.

"Mkono wa kulia, dogo," akasema Kibwana. "Hapa kuna watu wazima."

Hakuna aliyecheka safari ile. Sele alikitazama kikombe, akautazama mkono wake, akakiweka kikombe juu ya benchi kikiwa kimejaa, polepole, kisimwagike. Akainuka. Akaziendea zile baiskeli mbili ukutani, akalizungusha gurudumu la mojawapo kwa mkono wa kushoto, na wote tukaliona likisimama. Akawageukia waliokaa. "Hizi wasizipande," akasema. "Waambieni wenyewe." Kisha akasema kwa herini, kwa sababu alilelewa hivyo, akatoka uchochoroni kwenye jua na vumbi. Kibwana akakichukua kile kikombe kilichojaa, akapiga funda, akasema mlango huu unatuletea uchafu, na bila kuinuka kwenye benchi akanyoosha mguu, akausukuma kwa kisigino mpaka ukafungika.